Kapasita Baina ya Kikuza Sauti na Spika: Kanuni Ikaririwayo na Maana Isiyofundishwa

Redio nyingi zitumiazo mawe, zikifunguliwa mgongo mezani kwa fundi, huonyesha jambo moja. Nyaya mbili ziendazo kwenye spika zikifuatwa kurudi zilikotoka, aghalabu mmoja wao hufika kwenye kidude chenye umbo la pipa, kinene kama ncha ya kidole gumba, chenye mstari wa rangi ubavuni na maandishi kama vile 470 µF 16 V. Hiyo ni kapasita ya kuunganisha, nayo imesimama mlangoni baina ya kikuza sauti na spika. Kila sauti itokayo redioni, iwe taarifa ya habari, kaswida au goma la dansi, haina budi kuhesabiana nayo kwanza.

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kazi ya kapasita hiyo hujibu bila kusita: kapasita huzuia mkondo mnyoofu na hupitisha mkondo geu. Jibu hilo hupewa alama zote. Lakini akiulizwa swali la pili, yaani mkondo huo unapitaje katika kifaa ambacho ndani yake mna kihami kisichopitisha umeme, mwanafunzi yuleyule hunyamaza. Na mara nyingine mwalimu wake hunyamaza pamoja naye.

Ukimya huo si jambo dogo. Kanuni iliyokaririwa ni sahihi kwa matokeo yake, lakini picha inayoijenga akilini ni ya uongo. Humfanya mwanafunzi aione kapasita kama chujio la chai linaloacha majani na kupitisha maji, ilhali hakuna chembe hata moja ya umeme inayovuka kutoka bati moja hadi la pili. Anayeondoka shuleni na picha ya chujio hawezi kueleza kwa nini redio ya nyumbani imepoteza besi, hawezi kuchagua kapasita ya kuweka badala ya iliyokufa, wala hawezi kujua kwa nini spika imeungua. Amefaulu mtihani, na redio imemshinda.

Spika inataka nini, na kikuza sauti kina nini

Spika si kifaa kigumu kueleweka. Ni koili ya waya mwembamba iliyogundishwa nyuma ya koni ya karatasi, ikaachwa ielee ndani ya mwanya wa sumaku ya kudumu. Mkondo ukipita kwa upande mmoja, koili husukumwa mbele. Ukigeuka, huvutwa nyuma. Koni huifuata koili, hewa huifuata koni, na sikio hupata sauti. Kwa hiyo spika inataka mkondo wa kwenda na kurudi. Mkondo usiobadilika hauipi sauti yoyote: huisukuma koni upande mmoja na kuiacha hapo, na nguvu yake yote huishia kuwa joto ndani ya waya.

Kwa upande wake, kikuza sauti cha redio ya mawe kina umeme wa upande mmoja tu. Mawe sita ya volti moja na nusu yaliyopangwa kwa mfuatano hutoa volti 9. Kikuza sauti kinaweza kupanda kutoka sifuri hadi kukaribia volti 9, lakini hakiwezi kushuka chini ya sifuri, kwa kuwa hakuna betri ya kukipeleka huko. Hata hivyo, sauti ni mtikisiko wa juu na wa chini. Dawa ya wahandisi ni kuiweka sehemu ya kutolea sauti katikati, kwenye volti 4.5, wakati redio iko kimya. Ni kama mtu asimamaye katikati ya ngazi: akitakiwa kupanda atapanda, na akitakiwa kushuka atashuka. Wimbo ukianza, sehemu hiyo hupanda labda hadi volti 6.5, ikashuka hadi 2.5, ikapanda tena, ikiizunguka ile 4.5 mara mamia au maelfu kwa sekunde.

Sasa msomaji na afikiri spika ingeunganishwa hapo moja kwa moja, mguu mmoja kwenye kikuza sauti na mguu wa pili kwenye upande hasi wa mawe. Spika iliyoandikwa omu 8 huwa na ukinzani wa waya wa kiasi cha omu 7 ikipimwa kwa mkondo mnyoofu. Volti 4.5 zikigawanywa kwa omu 7 hutoa ampea 0.64, na joto la karibu wati 3, saa zote, hata redio ikiwa kimya kabisa. Spika ndogo iliyoundwa kuhimili nusu wati haitastahimili mzigo huo. Koni itasukumwa upande mmoja isiweze kutikisika sawasawa, koili itapata moto, transista zitapata moto, na mawe yatakwisha kabla jua halijatua. Basi inatakiwa njia ya kuipa spika ule mtikisiko wa volti mbili juu na mbili chini, bila kuipa zile volti 4.5 zilizosimama.

Njia ya kwanza iliyotumika katika redio za transista ilikuwa transfoma. Redio ya Regency TR-1, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, ikiwa ya kwanza ya transista kuingia madukani, ilikuwa na transfoma ya kutolea sauti. Transfoma huhamisha mabadiliko tu kwa njia ya sumaku, na mkondo uliosimama hubaki upande wake. Lakini transfoma ni chuma na shaba: ni nzito, ni ghali, na hupotosha sauti za chini iwapo ni ndogo. Mwaka 1956 mhandisi Hung-Chang Lin alichapisha huko Marekani mzunguko ulioonyesha namna transista mbili zinavyoweza kuiendesha spika kwa zamu bila ya transfoma. Kadiri mizunguko ya namna hiyo ilivyoenea, kapasita ilipewa kazi iliyokuwa ya transfoma katika redio nyingi zenye betri moja.

Ngoma yenye ngozi mbili

Kapasita ni mabati mawili yanayotazamana na kati yao pana kihami. Katika kapasita ya elektroliti, aina iliyomo redioni, mabati ni karatasi za alumini zilizoviringishwa, na kihami chenyewe ni utando mwembamba mno wa oksidi juu ya alumini. Chaji haivuki utando huo. Lakini chaji iliyo upande mmoja huihisi chaji iliyo upande wa pili: chaji chanya ikijikusanya kwenye bati moja, husukuma chaji chanya ya kiasi kilekile itoke kwenye bati la pili. Kitu kimeingia huku, na kitu cha kiasi hichohicho kimetoka kule. Wala si kitu kilekile.

Anayeijua chapuo hatapata taabu kuelewa. Chapuo imewambwa ngozi pande zote mbili. Mkono ukipiga ngozi ya kulia, ngozi ya kushoto nayo hutetema, ingawa mkono haukupenya wala ngozi haikutoboka. Anayesema kuwa mkono umepita ndani ya ngoma amekosea. Anayesema kuwa mpigo umefika upande wa pili amesema kweli. Ndivyo ilivyo kwa kapasita. James Clerk Maxwell, katika miaka ya 1860, aliona kuwa mabadiliko ya uga wa umeme ndani ya kihami hayana budi kuhesabiwa kama aina ya mkondo ili sheria za umeme na sumaku zikubaliane zenyewe kwa zenyewe, na kutokana na hoja hiyo akaufikia utabiri wa mawimbi ya sumakuumeme. Mawimbi hayo ndiyo yaletayo matangazo redioni. Kwa hiyo swali ambalo mwanafunzi huzuiwa kuliuliza, la jinsi mkondo unavyovuka pasipo na njia, ni ndugu wa swali lililoizaa redio yenyewe.

Na ifuatwe sasa hatua kwa hatua kazi ya kapasita iliyo mlangoni. Redio inapowashwa, kapasita haina chaji. Sehemu ya kutolea sauti inapanda kutoka sifuri hadi volti 4.5, chaji inaingia kwenye bati la upande wa kikuza sauti, na kiasi kilekile kinasukumwa kutoka bati la pili kupitia spika. Koni inaruka mara moja, na msikilizaji anasikia kile kishindo kifupi akijuacho kila mwenye redio. Kapasita ikishajaa volti zake 4.5, mkondo unakoma. Upande mmoja wa kapasita uko kwenye volti 4.5, upande wa pili uko kwenye sifuri, na spika imetulia. Hii ndiyo maana kamili ya kuzuia mkondo mnyoofu: si ukuta uliokuwapo tangu mwanzo, bali ni ghala lililokwisha kujaa.

Wimbo unaanza. Kikuza sauti kinapanda hadi volti 6.5. Kapasita ingali na volti zake 4.5, kwa sababu ghala kubwa halijai wala halipungui kwa kufumba na kufumbua. Basi upande wa spika hauna budi kuwa kwenye volti 2. Mkondo unapita katika spika, na koni inakwenda mbele. Kisha kikuza sauti kinashuka hadi volti 2.5. Kapasita bado ina 4.5. Mbili na nusu ukitoa nne na nusu ni hasi mbili: upande wa spika umekwenda volti 2 chini ya sifuri, katika redio ambayo haina betri yoyote ya kuupeleka huko. Mkondo unageuka, na koni inarudi nyuma.

Hapo pana jambo ambalo kanuni ya kukariri haiwezi kulionyesha. Katika nusu ya kwanza ya mtikisiko, transista ya juu inafungua, na mawe yanailisha spika huku yakiiongezea kapasita chaji kidogo. Katika nusu ya pili, transista ya juu imefunga na ya chini imefungua. Mawe hayaipi spika chochote. Ni nani basi anayeilisha spika? Ni kapasita. Chaji iliyowekwa akiba wakati wa kwenda ndiyo inayotumika wakati wa kurudi. Kapasita si bawabu tu wa kumzuia huyu na kumruhusu yule. Ni betri ya pili, inayojazwa na kupunguzwa kila mara koni inapokwenda na kurudi. Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo ameelewa kikuza sauti kizima. Aliyeambiwa kuwa kapasita hupitisha mkondo geu amepewa jina la tukio bila ya tukio lenyewe.

Ukubwa wa ghala

Faida ya picha sahihi ni kwamba huzaa hesabu. Katika mfano uliotangulia, kilele cha volti 2 katika spika ya omu 8 hutoa mkondo wenye kilele cha ampea 0.25. Kapasita ya mikrofaradi 470 yenye volti 4.5 ina akiba ya chaji ya mikrokulombi 2,115. Sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde huhitaji mikrokulombi 80 hivi katika kila nusu ya mtikisiko, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini na tano ya akiba. Ghala halitikisiki. Lakini sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde ina nusu zilizo ndefu mara kumi. Huhitaji mikrokulombi 800, karibu sehemu mbili za tano za akiba. Ghala linaanza kutikisika, na volti za kapasita hazibaki tena 4.5, hupanda na kushuka pamoja na sauti, na spika hupata pungufu ya ilichostahili.

Hii ndiyo sababu ya sauti za chini kuwa za kwanza kupotea. Si kwamba kapasita inazichukia sauti nzito na kuzipenda nyembamba. Sauti nzito huchukua muda mrefu zaidi kabla ya kugeuka, nayo huomba akiba kubwa zaidi kila mara. Kanuni ya vitabuni husema jambo hilohilo kwa ufupi: mpaka ambapo nguvu ifikayo kwenye spika hubaki nusu hupatikana kwa kugawanya 1 kwa mara mbili ya pai, zidisha ukinzani wa spika, zidisha ukubwa wa kapasita. Kwa spika ya omu 8, kapasita ya mikrofaradi 1,000 huuweka mpaka kwenye marudio ya hezi 20. Ya 470, kwenye hezi 42. Ya 250, ambayo hupendekezwa katika maelezo ya kikuza sauti kidogo kijulikanacho sana cha LM386, kwenye hezi 80. Ya 100, kwenye hezi 199. Na ya 10, karibu kwenye hezi 2,000.

Tarakimu hizo zina uzito wake mezani kwa fundi. Na afikiriwe fundi aliyepata kapasita iliyopasuka, akakosa ya 470, akaweka ya 10 kwa kuwa zote ni kapasita. Redio italia. Maneno yatasikika kwa taabu, kama nyuki aliyefungwa koponi. Ngoma itatoweka, gitaa la besi litatoweka, na sauti ya msomaji habari mwanamume, ambayo msingi wake hutetema kiasi cha mara 100 hadi 150 kwa sekunde, itabaki maganda bila kokwa. Mwenye redio ataambiwa kuwa spika imechoka. Atauziwa spika mpya, na tatizo litabaki palepale. Fundi huyo si mwongo. Alifundishwa, au alisikia, kwamba kapasita hupitisha mkondo geu, na hiyo ya 10 kweli inaupitisha. Hakufundishwa kuuliza ni kiasi gani.

Ujuzi huohuo humzuia mtu asifuje. Spika ndogo ya redio ya mkononi haiwezi kutoa sauti ya hezi 40 hata ikipewa umeme wake wote. Kwa hiyo kuiwekea kapasita ya mikrofaradi 4,700 ni kununua gunia la kuwekea kibaba. Mtengenezaji aliyeweka 220 hakubana matumizi bure, alipiga hesabu. Fundi ajuaye hesabu hiyo anaweza kuweka 330 mahali pa 220 bila ya wasiwasi, akijua pia kwamba volti zilizoandikwa juu ya kapasita zisipungue volti za betri, na kwamba mguu chanya uelekee upande wa kikuza sauti, kwa maana ndio wenye zile 4.5. Kapasita ya elektroliti iliyogeuzwa hupata moto, huvimba, na huweza kupasuka.

Kuna na uzee. Maji ya elektroliti ndani ya kapasita hukauka kidogo kidogo kwa miaka, na joto huharakisha. Wahandisi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Redio iliyokaa dirishani penye jua la pwani huzeeka upesi kuliko iliyokaa kivulini. Ghala husinyaa, mpaka wa sauti nzito hupanda, na redio iliyokuwa na sauti nene huwa na sauti ya bati. Watu wengi huitupa au kuiweka darini. Aghalabu kilichokufa ni kidude kimoja ambacho ni miongoni mwa vya bei ndogo kuliko vyote vilivyomo redioni.

Hoja za wapinzani

Wapo walimu wasemao kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na muda ni mfupi. Kwamba mtihani huuliza kanuni, na kanuni ndiyo inayompatia mwanafunzi cheti. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani na maabara yenye kabati tupu hakuchagua kukaririsha, amelazimishwa. Walakini muda uokolewao kwa kukaririsha hulipwa baadaye kwa riba. Mwanafunzi asiyeelewa ghala na chaji atakariri upya katika chujio la mawimbi, atakariri upya katika usahihishaji wa mkondo geu, na atakariri upya katika saa za kielektroniki, kila mara kana kwamba ni jambo geni. Aliyeelewa mara moja huyatambua yote kuwa jamaa moja. Zaidi ya hayo, katika shule nyingi za Tanzania na Kenya kanuni hiyo hukaririwa kwa Kiingereza, na maneno yasiyozoeleka huweza kuficha ukweli kwamba hakuna kilichoeleweka. Mwalimu anayetaka kupima na amwombe mwanafunzi aeleze safari ya chaji kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kasuku atajulikana papo hapo.

Wapo pia wasemao kwamba kapasita hiyo imepitwa na wakati. Wana ukweli wa nusu. Vikuza sauti vikubwa vingi hutumia umeme wa pande mbili, chanya na hasi, ambapo sehemu ya kutolea sauti hukaa kwenye sifuri na spika huunganishwa moja kwa moja. Vingine, vikiwamo vingi vya magari na vya simu za mkononi, huendesha miguu yote miwili ya spika kwa vikuza sauti viwili vinavyopingana. Miguu yote ikikaa kwenye volti zilezile wakati wa kimya, hakuna mkondo uliosimama, na kapasita haihitajiki. Lakini msomaji aone kwamba mtu hawezi kuelewa kwa nini kapasita imeondolewa bila ya kuelewa kwanza kwa nini iliwekwa. Na ikitokea transista ya kikuza sauti kikubwa kisicho na kapasita ikaungua na kuachia umeme wote upande mmoja, spika huungua pamoja nayo, isipokuwa pamewekwa kinga nyingine. Kapasita ile ndogo, pamoja na kazi zake zote, ilikuwa pia kinga. Tena haikutoweka: baina ya hatua moja ya kikuza sauti na nyingine, na kwenye mikrofoni nyingi, ndugu zake wadogo wangali kazini.

Jaribio lisilohitaji maabara

Hapana haja ya kungoja kabati la maabara lijae. Jaribio moja linatosha kuliua chujio la chai akilini mwa mwanafunzi. Inatakiwa betri ya volti 9, kapasita ya mikrofaradi 1,000 iandikwayo volti 16 au zaidi, rezista ya omu 470, diodi mbili za kutoa mwanga, nyekundu na kijani, na swichi ya njia mbili. Diodi ziunganishwe sambamba huku zikipeana mgongo, ili nyekundu iwake kwa mkondo wa kwenda na kijani kwa mkondo wa kurudi. Kisha ziwekwe kwa mfuatano pamoja na rezista na kapasita, mguu hasi wa kapasita ukielekea upande hasi wa betri. Swichi ikiwa upande wa kwanza iunganishe njia hiyo na upande chanya wa betri. Ikiwa upande wa pili, iunganishe na upande hasi.

Swichi ikisukumwa upande wa kwanza, nyekundu huwaka kisha hufifia na kuzima. Mwanafunzi ameona kwa macho yake mkondo mnyoofu ukizuiwa, na ameona pia kwamba haukuzuiwa papo hapo. Swichi ikirudishwa upande wa pili, kijani huwaka kisha huzima, ingawa betri imekwisha kukatwa. Hapo na aulizwe: umeme huu wa kijani umetoka wapi? Swichi ikichezeshwa upesi huku na huku, nyekundu na kijani huwaka kwa kupokezana bila kukoma, na kapasita iliyosemekana kuzuia umeme inaonekana kana kwamba inaupitisha. Swichi hiyo ndiyo transista mbili za kikuza sauti, nyekundu na kijani ndizo safari mbili za koni, na hakuna kilichovuka kihami hata mara moja. Kisha kapasita ya 1,000 ibadilishwe kwa ya 10: mimweko inakuwa mifupi mno, isiyoonekana vema. Besi imepotea mbele ya darasa zima.

Tahadhari moja haina budi kutolewa kwa sauti. Jaribio hili lifanywe kwa betri tu. Vifaa vya umeme wa nyumbani na redio za kale za vali vina kapasita zinazoweza kushika mamia ya volti muda mrefu baada ya kuzimwa, nazo zimejeruhi na kuua. Mwanafunzi aliyeelewa kuwa kapasita ni ghala ataelewa bila kuambiwa mara mbili kwa nini kifaa kilichochomolewa ukutani bado kinaweza kudhuru. Aliyekariri kwamba kapasita ni chujio hana sababu ya kuogopa, na huyo ndiye aliye hatarini.

Wazee husema kuuliza si ujinga. Swali la jinsi mkondo unavyovuka pasipo na njia ni swali la mtoto mwerevu, na jibu lake halizidi uwezo wa kidato chochote kilichokwisha kujifunza chaji na volti. Shule inayompa mwanafunzi swali hilo, betri moja na nusu saa, itampa fundi ajuaye kwa nini anaweka 470 na si 10, na itaziokoa redio zilizotupwa darini kwa kosa lisilokuwa lao. Inayompa kanuni pekee itakuwa imempa spika iliyounganishwa bila kapasita: joto jingi, na sauti hakuna.